Fomu Zetu Zimefungia Karanga

Karanga tulizinunua sisi wenyewe, kando ya barabara ya Dodoma kwenda Singida, pale mabasi yanaposimama dakika chache hapa Kintinku. Kikaratasi kilichozifunga kilikuwa ukurasa wa fomu. Tulipokikunjua tukasoma jina kamili la mwanamke, mwaka wa kuajiriwa, namba ya simu, namba ya akaunti ya benki, na jina la mumewe kama mrithi wa mafao. Mwanamke huyo tunamfahamu. Ni mpishi katika chuo kimoja, na kwao ni hapa hapa, ng'ambo ya reli. Chuo hatutakitaja, kwa sababu yanayotendeka pale tunayasikia pia kwa ndugu zetu walioajiriwa vyuo vingine.

Tulimpelekea kile kikaratasi jioni ile aliporudi nyumbani kwa mapumziko. Alikaa nacho mkononi muda mrefu, bila kusema neno. Kisha akauliza, "Kurasa nyingine ziko wapi?" Fomu aliyoijaza ilikuwa na kurasa nne.

Sisi tunaolalamika hapa ni watu wa kawaida. Wengi wetu tunalima mpunga mbugani na alizeti huku juu. Wapo mama lishe, vijana wa bodaboda na wazee waliostaafu reli. Wapo pia wanaotoka Kintinku kwenda kufanya kazi kwenye vyuo vya Manyoni, Singida na Dodoma: wapishi, walinzi, madereva, makatibu muhtasi, watunza masijala, wakufunzi wa muda. Ni wachache, lakini kila mmoja ana ukoo nyuma yake. Fomu ya mtumishi mmoja ina jina la mke, majina ya watoto na tarehe zao za kuzaliwa, jina la baba mzazi, kijiji, kata, na namba ya jirani wa kupigiwa simu ikitokea dharura. Kwa hiyo taarifa za mtumishi mmoja zikimwagika, huku kijijini tumemwagikiwa wote.

Kero yetu ya kwanza ni kuombwa karatasi zile zile kila mwaka. Kopi ya kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, barua ya ajira, salari slipu, picha mbili za pasipoti, barua ya mtendaji. Unapeleka. Mwaka unaofuata linatoka tangazo kwamba watumishi wote walete upya, na ukiuliza za mwaka jana ziko wapi, unajibiwa kuwa majalada yamehamishwa ofisi. Hakuna anayesema yamehamishiwa wapi, yalibebwa na nani, wala yale ya zamani yaliyoachwa chumba cha nyuma yalifanywa nini. Sasa tunajua angalau ukurasa mmoja ulifanywa nini.

Na kutoa hizo kopi kuna safari yake. Mtumishi akiwa likizo hapa kijijini, anakwenda steshenari. Kijana anamwambia amtumie vyeti kwa WhatsApp, kwenye simu yake mwenyewe huyo kijana, kisha anavihamishia kwenye kompyuta na kuvichapa. Malipo yanafanyika, mteja anaondoka na karatasi, vyeti vinabaki kwenye kompyuta na kwenye simu. Hakuna anayevifuta. Kijana hana nia mbaya, tunamjua na wazazi wake tunawajua, lakini hiyo kompyuta ikiibwa kesho au ikipelekwa kwa fundi Dodoma, vitambulisho vya nusu ya kijiji vimesafiri nayo. Hapa nasi tunakubali kosa letu: tulikuwa hatujawahi kumwambia afute.

Wengi hawajui namba ya NIDA inabeba nini. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Ukimpa mtu namba hiyo umeshampa tarehe yako ya kuzaliwa. Sasa fikiria ni wazazi wetu wangapi waliochagua mwaka wa kuzaliwa uwe namba ya siri ya kutolea fedha kwenye simu, kwa sababu ni rahisi kuukumbuka. Tulipowaeleza hili kwenye kikao kimoja cha vikoba, akina mama watatu walitoka nje hapo hapo kwenda kubadilisha namba zao. Hakuna ofisi iliyowahi kuwaambia.

Tuje kwenye matangazo ya utawala. Zamani tangazo la chuo lilibandikwa ubaoni, nje ya ofisi ya mkuu wa chuo, nawe ulilisoma ukiwa umesimama. Sasa linakuja kwenye grupu la WhatsApp. Hatulaumu simu, maana zimewaokoa watu wengi nauli ya kufuata taarifa ya likizo au ya malimbikizo ya mshahara. Tunalaumu kinachotumwa. Katika grupu la watumishi wa chuo tunachokisema ilitumwa orodha ya wanaodai malimbikizo. Kila mstari ulikuwa na jina, cheki namba, cheo, kiasi anachodai, benki na namba ya akaunti. Grupu hilo lina watumishi wa sasa, waliohama, waliostaafu, na namba kadhaa ambazo hakuna ajuaye ni za nani. Tangazo lilisema kila mmoja ahakiki jina lake. Hivyo ili mpishi ahakiki mstari wake mmoja, ilibidi watu wote wasome mistari ya wenzao wote.

Haikupita wiki. Simu zikaanza kuingia kutoka kwa watu wa mikopo, na waliopiga walijua mtumishi anadai kiasi gani. Dereva mmoja alipigiwa akiwa shambani kwake, akatajiwa kiasi chake hadi shilingi ya mwisho, akaambiwa mkopo wake uko tayari, kinachosubiriwa ni sahihi tu. Alikataa. Kuna wenzake waliokubali, na leo wanakatwa hadi hawana nauli ya kurudi nyumbani. Mikopo ya namna hiyo tunaiita kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na tuliifurahia hatua hiyo. Lakini mkopeshaji wa namna hii hana haja ya programu ikiwa ofisi ya mtumishi imeshamkabidhi orodha.

Mpishi wetu alipatwa na baya zaidi. Alipigiwa simu asubuhi, uji ukiwa jikoni. Aliyepiga alianza kwa heshima: "Shikamoo mama." Akamtaja kwa majina matatu. Akataja cheki namba yake, mwaka alioajiriwa na jina la mumewe. Akasema yuko utumishi makao makuu, kuna uhakiki unaendelea, na jina lake mfumo umelikataa. Asipothibitisha kabla ya saa sita mchana mshahara wa mwezi huu hautaingia. Akamwambia atapokea ujumbe wenye namba, amsomee. Mama akasoma. Dakika chache baadaye akiba yake yote iliyokuwa kwenye simu ilikuwa imeondoka, pamoja na fedha za mchezo wa wenzake ambazo siku ile zilikuwa mikononi mwake.

Wapo waliomcheka. Walisema mtu mzima anawezaje kusoma namba ya siri kwa mtu asiyemwona. Sisi hatukumcheka, kwa sababu tunajua neno "uhakiki" linafanya nini moyoni mwa mtumishi wa ngazi ya chini. Mwaka 2016 ulipita uhakiki wa watumishi hewa nchi nzima. Ukafuata wa vyeti, na tarehe 28 Aprili 2017, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti yenye watumishi 9,932 waliotajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Majina yakatangazwa hadharani. Hatuwatetei wenye vyeti vya kughushi. Tunachosema ni kwamba tangu siku zile mtumishi akisikia "uhakiki" hasimami kuuliza wewe ni nani. Anatoa alichoombwa, haraka, kwa woga wa kesho kukuta jina lake halipo. Tapeli analijua hilo kuliko mwajiri. Na mwajiri, kwa kuita uhakiki kila kukicha kwa simu, kwa grupu na kwa midomo ya watu, amemfundisha mtumishi kutii sauti yoyote inayotamka neno hilo.

Ndiyo maana tunasema matangazo ya utawala na usalama wa taarifa ni jambo moja. Chuo kikiwa na njia moja ya kutangazia, inayojulikana na kila mfanyakazi, tapeli hana pa kuingilia. Lakini leo tangazo la kweli na la uongo yanafika kwenye simu ile ile, kwa lugha ile ile ya vitisho, bila kumbukumbu namba, bila jina la anayetangaza. Mlinzi wa zamu ya usiku atayatofautisha vipi?

Sheria ipo. Katiba ya 1977, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa faragha yake. Bunge likatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tarehe 3 Aprili 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria inataka anayekusanya taarifa zako akuambie ni za nini, asichukue zaidi ya anachohitaji, asizitumie kwa jambo lingine, na azitunze zisivuje. Inataka taasisi iwe na afisa maalumu wa ulinzi wa taarifa. Anayezifichua kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini ya kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa taasisi faini inaanzia milioni 1 na kufika bilioni 5. Watu wetu wanaofanya kazi vyuoni walipoulizwa afisa huyo ni nani chuoni kwao, hakuna aliyemjua. Mmoja alidhani ni mlinzi.

Na huyo mlinzi ndiye tungependa asikilizwe. Kijana wetu mmoja analinda geti la chuo. Mezani kwake kuna daftari la wageni: jina, unakotoka, namba ya simu, unakwenda kumwona nani, sahihi. Kila mgeni anayeandika anasoma waliomtangulia. Daftari likijaa linawekwa chini ya meza, likitafunwa na mchwa linatupwa. Msichana wa kijiji jirani aliyekwenda pale kuuliza nafasi ya masomo alianza kusumbuliwa kwa simu na mwanamume asiyemjua kabla hata hajafika nyumbani. Namba yake aliiandika mahali pamoja tu siku ile. Kijana wetu aliumia sana, akapendekeza daftari lifunikwe kwa kadi ngumu ili mgeni aone mstari wake peke yake. Aliambiwa asubiri maelekezo, na ni miezi sasa.

Masijala nako hali ni hiyo hiyo. Kompyuta moja inatumiwa na watu wanne, na neno lake la siri limeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi iliyobandikwa ukingoni mwa skrini. Majalada yako kwenye kabati ambalo kitasa chake kilivunjika. Flashi moja inakwenda masijala, steshenari ya nje na nyumbani kwa katibu muhtasi anapomalizia kazi usiku. Huyo dada anajitahidi. Anabeba kazi ya watu watatu, mtandao unakatika, barua inatakiwa kesho saa mbili. Amewahi kuomba flashi ya ofisi inayofungwa kwa neno la siri, na jibu likawa fungu halipo.

Elimu ya kulinda taarifa ilipokuja, ilikuja kama faili la kurasa nyingi kwa Kiingereza, likatumwa kwenye lile lile grupu, likiwa na maneno mafupi juu yake: someni na kuzingatia. Nani alisome? Mpishi aliyeishia darasa la saba? Dereva aliye safarini? Hata wakufunzi waliotuambia ukweli walisema hawakulifungua. Mwongozo wa kumlinda mfanyakazi wa Tanzania, anayefanya kazi kwa Kiswahili kutwa nzima, unaandikwaje kwa lugha ambayo nusu ya wanaoshika hizo taarifa hawaielewi? Kama ungeandikwa kwa Kiswahili ukurasa mmoja na kusomwa kwa sauti mbele ya chai ya saa nne, yule mama angejua kwamba hakuna ofisi inayoomba namba iliyotumwa kwenye simu ya mtu.

Wakubwa wasidhani hasara ni ya wadogo tu. Desemba 2019 Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, kilifungiwa kompyuta zake na wahalifu siku mbili kabla ya Krismasi. Mlango walioingilia ulikuwa barua pepe ya uongo iliyofunguliwa na mfanyakazi miezi miwili nyuma. Chuo kililipa bitcoin 30, zilizokuwa na thamani ya takriban euro 200,000 wakati ule, ili wanafunzi wapate kufanya mitihani. Kile ni chuo tajiri chenye wataalamu wake. Vyuo vyetu vinavyotunza matokeo ya wanafunzi na mishahara ya watumishi kwenye kompyuta moja isiyo na nakala ya akiba vikipatwa na jambo kama hilo, vitalipa kwa nini?

Tumesikia pia hoja kwamba mnyonge hana siri; mtu wa Kintinku ana nini cha kuibiwa? Hoja hii tunaikataa. Mtu mwenye akiba ndogo akiibiwa, anaibiwa yote. Mwenye jina moja tu la heshima kijijini akichafuliwa, hana jingine. Mama yule amekuwa akilipa fedha za mchezo wa wenzake kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara wa mpishi, na wapo wanaonong'ona kwamba alizila mwenyewe. Hilo linamuuma kuliko fedha.

Mzee wetu mmoja aliyefanya kazi ya reli miaka mingi alitusikiliza, akasema jambo tunalolirudia mara kwa mara. Katika njia ya reli moja, alisema, dereva haondoki stesheni mpaka mkuu wa stesheni ampe kibali, na kibali kinaandikwa saa, jina na namba ya treni. Likitokea jambo, inajulikana nani alimruhusu nani, saa ngapi. Akauliza kwa nini jalada la mtu, lenye maisha yake yote, litoke kabatini bila kuandikwa na nani amelichukua. Hatukuwa na jibu. Daftari la kuandikia mafaili yanayotoka halihitaji umeme wala mtandao wala fungu kutoka hazina.

Jirani zetu wameshaanza kuwajibishana. Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data Kenya iliitoza Roma School, shule ya Nairobi, faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kule shule iliwajibishwa. Sisi huku tukilalamika tunaulizwa kwanza tumeipata wapi hiyo karatasi.

Kwa upande wetu tumeanza. Kijana wa steshenari amekubali kufuta faili mbele ya mteja, na sasa tunasimama hadi afute. Wazee wamesaidiwa kupiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vyao, na mmoja alikuta laini asiyoijua. Ujumbe wa kitapeli tunautuma 15040. Hayo tunayaweza. Hatuwezi kufunga kabati la chuo, wala kufuta orodha iliyotumwa kwenye grupu la watu wasiojulikana.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa vyuo na maafisa utumishi. Chukueni karatasi zetu mara moja, mtuambie ziko wapi. Orodha za fedha na akaunti zisitumwe kwenye grupu. Kila mtu aitwe aone mstari wake. Karatasi za zamani zichomwe mbele ya shahidi. Tangazo liwe na namba na jina la aliyelitoa, na namba moja ya kupiga kuuliza kama ni la kweli. Na taarifa zikivuja, mtuambie siku hiyo hiyo, kabla tapeli hajatupigia. Tume nayo tunaiomba ishuke hadi kwenye jiko, geti na masijala za vyuo vya wilayani, na ije na Kiswahili.

Yule mama bado anafika kazini alfajiri kuwasha moto wa uji wa wanachuo. Mwiteni ofisini, mumkalishe kitini, mumweleze fomu yake ilitokaje humo ndani na kurasa tatu zilizobaki ziko kwa nani.